Mwongozo Kamili: Kutengeneza Mafaili ya Vifaa Ndani ya Imeji ya Linux kwa Bodi Ndogo

Mwongozo huu ni kwa ajili ya yule ambaye amejenga kerneli (kiini cha Linux) bila hitilafu, amekusanya BusyBox (programu moja yenye amri za msingi za Linux) vizuri na kuchoma kadi, yaani kuandika humo imeji, faili moja lenye mfumo mzima, kisha bodi ikawaka, ikaandika mistari kadhaa na kunyamaza. Hapa Mwanza, kwenye meza ninayofanyia kazi pamoja na vijana wanaojifunza, kosa hili hunijia mara nyingi kuliko jingine lolote. Karibu kila mara chanzo chake hakiko kwenye bodi wala kwenye kerneli, bali kiko ndani ya /dev, saraka ya mafaili ambayo programu huyatumia kufikia vifaa, kwenye imeji iliyochomwa.

Mfano nitakaoutumia mpaka mwisho ni bodi ndogo ya ARM inayopima ubaridi wa ghala la samaki karibu na Mwaloni, Kirumba. Kipimajoto kimeunganishwa kwa kebo ya USB inayojitambulisha kama mlango wa seriali. Bodi ya namna hii hukaa mbali na fundi, na nyingine huvuka ziwa kwa meli hadi Nansio. Kwa hiyo imeji yenye kasoro humgharimu mtu nauli na siku nzima ya kazi.

Vitu vya kuandaa

Unahitaji kompyuta yenye Linux, na mafaili yote ya kazi yawe kwenye diski yenye mfumo wa mafaili wa Linux kama ext4. Usifanyie kazi kwenye flashi yenye umbizo la FAT, kwa sababu FAT haina mahali pa kuhifadhi faili la kifaa wala ruhusa za Linux.

Kwenye Debian au Ubuntu, sakinisha zana hizi kwa amri moja:

sudo apt install genext2fs squashfs-tools e2fsprogs cpio fakeroot qemu-system-arm

Andaa pia saraka yenye mfumo wako, ambayo hapa nitaiita rootfs, ikiwa na BusyBox ndani yake. Utahitaji pia kerneli uliyoijenga pamoja na faili lake la usanidi, .config, kadi ya kumbukumbu, na kebo ya seriali ya kusomea maandishi ya bodi. Kebo hiyo ni ya lazima. Anayejaribu kazi hii bila kebo ya seriali anafanya kazi gizani, na hakuna hatua hapa chini itakayomsaidia kujua bodi imekwama wapi.

Kinachohifadhiwa ndani ya faili la kifaa

Faili la kifaa halina maudhui. Ndani yake hakuna draiva wala anwani ya waya. Kilichohifadhiwa ni mambo matatu tu: aina yake, yaani c kwa kifaa kinachopitisha data herufi kwa herufi au b kwa kifaa kinachosomwa kwa bloku, namba kuu, ambayo kerneli huitumia kutafuta draiva, na namba ndogo, ambayo humweleza draiva ni kifaa kipi kati ya vile anavyovisimamia. Jina la faili ni kwa ajili yetu sisi na programu zetu. Unaweza kuliita /dev/sangara, na likiwa na c 5 1 kerneli italichukulia kama konsoli, yaani mahali maandishi ya mfumo yanapotokea.

Nimelitanguliza hili kwa sababu makosa mengi yanatoka hapa. Zana isiyojua kubeba mambo hayo matatu hulipoteza faili la kifaa pale inaponakili, au huacha mahali pake faili la kawaida lenye jina lilelile na ukubwa wa baiti sifuri. Git haihifadhi mafaili ya vifaa. Tar inayofunguliwa na mtumiaji wa kawaida hulalamika kwamba haina ruhusa, kisha inaendelea na mafaili mengine. Kwa sababu hiyo, njia ninayoifundisha ni kuandika mafaili ya vifaa kwenye jedwali la maandishi, kisha kuiacha zana inayotengeneza imeji iyaandike yenyewe moja kwa moja ndani ya imeji. Jedwali hukaa salama ndani ya Git, hunakiliwa hata kwenye flashi ya FAT, na halihitaji ruhusa za root (msimamizi mkuu wa mfumo).

Hatua ya 1: Iulize kerneli kama inajaza /dev yenyewe

Kerneli za leo zina devtmpfs, mfumo wa mafaili unaokaa kwenye RAM, ambamo kerneli huunda mafaili ya vifaa kadiri inavyovigundua. Kabla ya kuandika chochote, tazama usanidi wako:

grep DEVTMPFS .config

Ukiona CONFIG_DEVTMPFS=y pamoja na CONFIG_DEVTMPFS_MOUNT=y, kerneli itapachika (mount) devtmpfs juu ya /dev mara tu baada ya kupachika mfumo mkuu wa mafaili. Mafaili uliyoyaweka kwenye imeji hayatafutika, ila yatafunikwa yasionekane. Wako waliohangaika siku mbili kubadilisha ruhusa kwenye jedwali bila kuona mabadiliko yoyote kwenye bodi. Sababu ni hiyo.

Hata hivyo, usiifunge kazi hapo. Upachikaji huo wa moja kwa moja haufanyiki pale mfumo wako unapoanzia kwenye initramfs, yaani mfumo mdogo wa mafaili unaopakiwa kwenye RAM pamoja na kerneli. Huko ni lazima skripti yako ya /init ipachike devtmpfs yenyewe, na mpaka ifike kwenye mstari huo inahitaji /dev/console ambayo tayari ipo. Kwa hiyo, mwenye initramfs aweke console na null kwenye imeji hata kama devtmpfs imewashwa. Asiyekuwa na devtmpfs kabisa, kwa mfano mwenye kerneli ya zamani iliyokuja na bodi, ataandika jedwali lote.

Maoni yangu ni kwamba ukiweza kuijenga kerneli upya, washa devtmpfs na ubakize jedwali fupi. Vifaa vingine, kama saa ya bodi na pini za GPIO, hupewa namba kuu wakati wa kuwaka, na jedwali lililoandikwa wiki iliyopita haliwezi kuzijua namba hizo.

Hatua ya 2: Andaa saraka, na uhakikishe dev ni tupu

mkdir -p rootfs/dev rootfs/proc rootfs/sys rootfs/tmp
ls -la rootfs/dev

Amri ya pili isionyeshe kitu zaidi ya nukta moja na nukta mbili. Ukikuta mafaili ya zamani humo, yafute kwa jina, moja moja. Usiandike amri ya kufuta kwa sudo ukiwa umechoka, kwa sababu tofauti ya rootfs/dev na /dev ni neno moja tu, na hilo la pili ni la kompyuta yako mwenyewe.

Saraka ya dev lazima iwepo hata kama devtmpfs ndiyo itakayoijaza, kwa maana kerneli haiwezi kupachika kitu mahali pasipokuwepo. Ikikosekana, kwenye kebo ya seriali utasoma:

devtmpfs: error mounting -2

Hiyo -2 maana yake ni kwamba njia haikupatikana. Chanzo cha kawaida ni Git, ambayo haihifadhi saraka tupu: mwenzako anapakua mradi wako, dev na proc na sys hazipo, na imeji iliyofanya kazi kwako inakufa kwake. Weka amri hiyo ya mkdir ndani ya skripti ya kujengea imeji, ili saraka ziundwe upya kila mara bila kumtegemea mtu kukumbuka.

Hatua ya 3: Andika jedwali la vifaa

Fungua faili jipya, uliite vifaa.txt, nje ya rootfs. Kila mstari una safu kumi: njia, aina, ruhusa, namba ya mtumiaji, namba ya kundi, namba kuu, namba ndogo, mwanzo wa kuhesabu, hatua ya kuongeza, na idadi.

/dev d 755 0 0 - - - - -
/dev/console c 600 0 0 5 1 0 0 -
/dev/tty c 666 0 0 5 0 0 0 -
/dev/null c 666 0 0 1 3 0 0 -
/dev/zero c 666 0 0 1 5 0 0 -
/dev/random c 666 0 0 1 8 0 0 -
/dev/urandom c 666 0 0 1 9 0 0 -
/dev/ttyS c 660 0 0 4 64 0 1 4
/dev/ttyAMA c 660 0 0 204 64 0 1 2
/dev/ttyUSB c 660 0 0 188 0 0 1 2
/dev/mmcblk0 b 640 0 0 179 0 0 0 -
/dev/mmcblk0p1 b 640 0 0 179 1 0 0 -
/dev/mmcblk0p2 b 640 0 0 179 2 0 0 -

Mstari wa ttyS unastahili kutazamwa kwa makini. Mwanzo ni 0, hatua ni 1, idadi ni 4; kwa hiyo zana itaunda ttyS0 yenye namba ndogo 64, ttyS1 yenye 65, na kuendelea hadi ttyS3. Ukiandika /dev/ttyS0 kwenye safu ya kwanza huku idadi ikiwa 4, utapata ttyS00, ttyS01 na wenzake, ambao hakuna programu itakayowatafuta. Sehemu za kadi nimeziandika mstari kwa mstari kwa makusudi, kwa kuwa hesabu isiyoanzia sifuri hukosewa kwa urahisi.

Bodi inayotumia flashi ya MTD, yaani chipu ya flashi ambayo kerneli huiendesha moja kwa moja, ina hesabu yake. Kila kifaa cha mtd kinachukua namba ndogo mbili, moja ya kusoma na kuandika na nyingine ya kusoma tu, kwa hiyo hatua inakuwa 2:

/dev/mtd c 640 0 0 90 0 0 2 4

Hapo mtd0 inapata 0, mtd1 inapata 2, mtd2 inapata 4. Ukiweka hatua ya 1, jina la mtd1 litaishika flashi ya mtd0 upande wa kusoma tu, na kila jaribio la kuandika litakataliwa huku jina likionekana sahihi kabisa.

Namba hizi zisibuniwe wala zisikisiwe. Orodha yake rasmi iko ndani ya msimbo wa kerneli, kwenye Documentation/admin-guide/devices.txt. Ukiwa na bodi inayowaka tayari, iulize yenyewe: cat /sys/class/tty/ttyUSB0/dev itakujibu 188:0.

Sasa kuhusu null, ambayo wengi huiacha kwa kudhani haina kazi. Bodi ya kwanza niliyoiweka kwenye ghala la barafu ilifanya kazi siku chache kisha ikaacha kuandika vipimo. Nilipoifungua nilikuta mfumo wa mafaili umejaa, na kilichoujaza ni faili la kawaida lililoitwa /dev/null. Nilikuwa nimeisahau kwenye jedwali. Skripti ya kuwashia iliamuru programu ya kipimajoto imwage maandishi yake ya ziada kwenye /dev/null; kwa kuwa haikuwepo, na skripti iliendeshwa kwa ruhusa za root, ganda (shell, programu inayopokea amri) likaunda faili jipya lenye jina hilo, na programu ikaandika humo kila sekunde bila kulalamika. Hakuna ujumbe wa hitilafu uliowahi kutokea. Tangu siku hiyo null ni mstari ninaoukagua kabla ya mwingine wowote.

Hatua ya 4: Tengeneza imeji

Kwa imeji ya ext2 ya megabaiti 16, amri ni hii, na haihitaji sudo:

genext2fs -B 1024 -b 16384 -N 2048 -U -d rootfs -D vifaa.txt rootfs.ext2

Herufi -U inafanya mafaili yote yaliyotoka rootfs yawe mali ya root badala ya jina lako. Namba ya -N inaongeza nafasi za mafaili mapya. Bila hiyo zana huweka nafasi zinazotosha yaliyopo tu, na bodi itakwambia imejaa ilhali ina megabaiti nyingi wazi.

Mahali ambapo umeme hukatika ghafla, mimi hupendelea squashfs, ambayo haiandikiki na hivyo haiharibiki bodi ikizimwa katikati ya kazi. Jedwali lake lina safu saba tu, bila zile tatu za kuhesabu, na usiweke mstari wa saraka ya /dev kwa kuwa tayari ipo ndani ya rootfs. Liite vifaa-sq.txt:

/dev/console c 600 0 0 5 1
/dev/null c 666 0 0 1 3
/dev/ttyUSB0 c 660 0 0 188 0

mksquashfs rootfs rootfs.sqsh -noappend -all-root -pf vifaa-sq.txt

Usiisahau -noappend. Ukiirudia amri bila neno hilo, zana itaongeza juu ya imeji ya zamani badala ya kuiandika upya.

Kwa initramfs iliyojengwa ndani ya kerneli, CONFIG_INITRAMFS_SOURCE hupokea saraka na orodha kwa pamoja, kwa mfano "rootfs vifaa.list", na orodha hiyo huandikwa hivi:

dir /dev 755 0 0
nod /dev/console 600 0 0 c 5 1
nod /dev/null 666 0 0 c 1 3

Zana za mkfs.jffs2 na mkfs.ubifs hupokea jedwali lenye safu kumi kama lile la genext2fs, kwa herufi -D. Wanaotumia Buildroot, zana inayojenga mfumo mzima wa bodi, watakuta kazi hii imefanywa tayari: jedwali lao liko system/device_table_dev.txt, na hutumika pale unapochagua usimamizi wa /dev ulio tuli.

Ikibidi kutumia mknod

Kuna wakati huna njia nyingine ila kuunda faili la kifaa kwa mkono kwa amri ya mknod, kwa mfano unaporekebisha kadi ambayo tayari imepachikwa kwenye kompyuta yako. Andika njia bila mkwaju wa mwanzo:

sudo mknod -m 600 rootfs/dev/console c 5 1

Kitaje -m kila mara, la sivyo ruhusa zitakatwa na umask (kichujio cha ruhusa) ya ganda lako na hutajua kwa nini mtumiaji wa kawaida anakataliwa kuandika kwenye null.

Asiye na sudo hutumia fakeroot, na hapa ndipo pana mtego mkubwa. Fakeroot haiundi faili la kifaa halisi. Inaunda faili tupu la kawaida na kukumbuka, kwa muda wa kikao hicho tu, kwamba hilo linahesabiwa kuwa c 5 1. Ukitoka kwenye kikao, kumbukumbu inapotea na faili tupu linabaki. Kwa hiyo mknod na ufungaji wa imeji lazima viwe ndani ya kikao kimoja:

fakeroot sh -c 'cd rootfs && mknod -m 600 dev/console c 5 1 && find . | cpio -o -H newc | gzip > ../initramfs.gz'

Ukivitenganisha, initramfs yako itakuwa na /dev/console ambayo ni faili la kawaida. Kerneli italifungua bila onyo lolote, kwa sababu faili lipo na linafunguka, na kila neno ambalo /init inaandika litaingia ndani ya faili hilo kwenye RAM. Kwenye kebo utaona maandishi ya kerneli mpaka mstari wa Run /init as init process, kisha kimya. Hicho ndicho kimya nilichokitaja mwanzoni, na hakuna dalili inayowasumbua vijana zaidi yake. Kabla ya kuirudia kazi, futa lile faili tupu lililobaki ndani ya rootfs/dev.

Hatua ya 5: Kagua ndani ya imeji kabla ya kuichoma

Usikague saraka ya rootfs, kagua imeji yenyewe, kwa sababu imeji ndiyo itakayokwenda kwenye bodi. Kwa ext2:

debugfs -R "stat /dev/console" rootfs.ext2

Jibu sahihi linataja Type: character special, na chini yake:

Device major/minor number: 05:01 (hex 05:01)

Ukiona Type: regular, simama hapo na urudi hatua ya 4. Kwa kuangalia vyote kwa pamoja tumia debugfs -R "ls -l /dev" rootfs.ext2 na usome safu ya pili. Namba inayoanza na 20, kama 20600, ni kifaa cha herufi. Inayoanza na 60, kama 60640, ni kifaa cha bloku. Na inayoanza na 100, kama 100600, ni faili la kawaida ambalo halitakiwi kuwepo humo.

Kwa squashfs tumia unsquashfs -ll rootfs.sqsh, na kwa initramfs tumia zcat initramfs.gz | cpio -itv. Katika zote mbili tafuta mstari unaoanza na crw, na mahali ambapo kwa kawaida huandikwa ukubwa wa faili pawe na namba mbili zilizotenganishwa kwa mkato, yaani 5, 1.

Ukaguzi huu unachukua dakika moja. Nimewaomba vijana wote ninaofanya nao kazi wauandike ndani ya skripti ya kujengea imeji, ili imeji yenye kasoro isipate nafasi ya kufika kwenye kadi.

Hatua ya 6: Iwashe kwanza kwenye QEMU

QEMU ni programu inayoiga bodi ndani ya kompyuta yako. Kwa kerneli ya ARM iliyojengwa kwa multi_v7_defconfig (usanidi wa jumla wa ARM ya biti 32), amri ni hii, yote katika mstari mmoja:

qemu-system-arm -M virt -m 256 -nographic -kernel zImage -append "console=ttyAMA0 root=/dev/vda rw devtmpfs.mount=0" -drive file=rootfs.ext2,format=raw,if=none,id=d0 -device virtio-blk-device,drive=d0

Neno devtmpfs.mount=0 linaizuia kerneli kuyafunika mafaili yako, ili unachokijaribu kiwe ni jedwali lako kweli. Ukilisahau, jaribio litafaulu kwa msaada wa devtmpfs, kisha bodi isiyo na devtmpfs ikushangaze. Kutoka, bonyeza Ctrl na A, kisha x.

Kama jaribio limekwama, soma maneno yaliyo kwenye skrini, kwani kila ujumbe una mlango wake.

Warning: unable to open an initial console.

Huu hutokea zaidi pale initramfs iliyojengwa ndani ya kerneli haina /dev/console. Ongeza mstari wake kwenye orodha na uijenge kerneli upya.

can't open /dev/tty2: No such file or directory

Hapa BusyBox haikukuta /etc/inittab, faili la maelekezo ya kuwashia mfumo, kwa hiyo inafuata mpango wake wa kawaida wa kufungua tty2, tty3 na tty4. Usiongeze mafaili hayo kwenye bodi isiyo na skrini. Andika inittab yenye mstari mmoja, ::askfirst:-/bin/sh, nawe utaombwa ubonyeze Enter.

can't access tty; job control turned off

Ujumbe huu si hitilafu ya jedwali. Ganda limefunguliwa juu ya /dev/console, ambayo haliwezi kuifanya terminali yake ya udhibiti, kwa hiyo Ctrl-C haitafanya kazi. Likifunguliwa juu ya ttyS0 au ttyAMA0, ujumbe unaondoka.

VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)

Ujumbe huu umewapoteza wengi, ambao hurudi kuongeza mmcblk0p2 kwenye jedwali. Haisaidii. Jina lililoandikwa baada ya root= hutafsiriwa na kerneli yenyewe kabla imeji yako haijafunguliwa, na kilichomo ndani ya /dev ya imeji hakihusiki. Tazama zile namba kwenye mabano: (0,0) maana yake kerneli haijakipata kifaa, basi angalia draiva ya kadi, (179,2) maana yake imekipata lakini haikuweza kuusoma mfumo wa mafaili uliomo, basi angalia kama ext2 au squashfs imejengwa ndani ya kerneli.

Hatua ya 7: Choma kadi na ujaribu kwenye bodi

Endesha lsblk kabla ya kuchomeka kadi na baada ya kuichomeka, na jina lililoongezeka ndilo la kadi. Tuseme ni sdb na mfumo unakaa sehemu ya pili:

sudo dd if=rootfs.ext2 of=/dev/sdb2 bs=1M conv=nocreat,fsync

Neno nocreat linamzuia dd kuunda faili jipya. Kadi ikilegea au ukikosea jina, dd isiyo na neno hilo itaunda faili la kawaida ndani ya /dev ya kompyuta yako, itaandika megabaiti zote kwenye RAM na kukwambia kazi imekamilika, na wewe utaipeleka kwenye bodi kadi yenye imeji ya jana.

Rudisha kadi kwenye bodi, unganisha kebo ya seriali, washa. Ukifika kwenye ganda, fanya majaribio haya kwa mpangilio:

echo jaribio > /dev/null
ls -l /dev/null

Jibu lianze na crw-rw-rw- na liwe na 1, 3. Kisha chomeka kipimajoto:

stty -F /dev/ttyUSB0 9600 raw
cat /dev/ttyUSB0

Badilisha 9600 kulingana na mwendo wa kipimajoto chako. Ukiambiwa No such file or directory, jedwali lako halina mstari wa ttyUSB. Ukipata ujumbe unaoanza na No such device, jedwali liko sawa na namba zimefika kwenye kerneli, ila nyuma ya namba hizo hakuna anayeitika: ama draiva ya kebo haikujengwa, ama kebo haijakaa vizuri. Namba za joto zikianza kushuka kwenye skrini, kikamate kipimajoto mkononi kwa nusu dakika. Zikipanda, chomoa umeme, uurudishe bila kugusa kitu kingine, na urudie majaribio yote mawili kabla ya kufunga boksi na kulipeleka ghalani.